Taa ya ABS na Historia ya Onyo Lililozibwa

Mwaka 1978 yalitokea mambo mawili ambayo mwanahistoria wa teknolojia angeweza kuyaandika kwenye ukurasa mmoja. Mwezi Aprili, nchini Marekani, Mahakama ya Rufani ilitengua sehemu ya kanuni ya serikali iliyoanza kutumika mwaka 1975, ambayo iliyataka malori makubwa yaweze kusimama ndani ya umbali maalumu bila magurudumu kufunga. Kwa vitendo, kanuni hiyo iliwalazimisha watengenezaji kuweka vifaa vya kielektroniki vya kudhibiti breki. Mahakama iliona kwamba vifaa hivyo havijathibitika kuaminika, na kwamba lori lenye kifaa kinachoharibika ovyo linaweza kuwa la hatari kuliko lori lisilo nacho kabisa. Miezi minne baadaye, huko Stuttgart, kampuni za Bosch na Daimler-Benz ziliwaonyesha waandishi wa habari mfumo wenye lengo hilohilo, na kabla mwaka haujaisha mfumo huo ukaanza kuuzwa ndani ya Mercedes kubwa ya daraja la S.

Nchi moja inaliondoa wazo, nchi nyingine inaliingiza sokoni, na mwaka ni uleule. Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya taa ndogo ya njano, yenye herufi tatu ndani ya duara, ambayo katika gari moja la familia yetu haikuwa ikiwaka ilipopaswa kuwaka. Nitafika huko. Kwanza tuielewe taa yenyewe, maana wengi wetu tunaendesha magari yenye ABS bila kuwahi kuambiwa ni nini.

Gurudumu linalozunguka lina mshiko na barabara. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu kupita kiasi, gurudumu husimama kuzunguka ilhali gari bado linakwenda. Hapo mpira huanza kuteleza, na mpira unaoteleza hautii usukani. Dereva atakata kulia, magurudumu ya mbele yatakata kulia, na gari litaendelea mbele kama lilivyokuwa likienda. Madereva wa zamani walifundishwa kupampu breki: kukanyaga, kuachia, kukanyaga tena. ABS hufanya kazi hiyohiyo mara kadhaa ndani ya sekunde moja, tena kwa kila gurudumu kadiri ya hali yake, jambo ambalo mguu wa binadamu hauwezi.

Wazo hilo ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mjerumani Karl Wessel alipata hataza ya kidhibiti cha nguvu ya breki mwaka 1928, na Bosch nao wakapata yao mwaka 1936. Hata hivyo, kati ya kuwa na wazo na kuwa na chombo kinachofanya kazi kulikuwa na safari ndefu. Waliofika kwanza ni watu wa ndege. Rubani anayetua hawezi kuhisi kama magurudumu yaliyo chini yake yamefunga, na gurudumu lililofunga katika mwendo ule hupasuka. Miaka ya 1950 kampuni ya Dunlop ya Uingereza ilitengeneza kifaa kilichoitwa Maxaret, chenye gurudumu-tuzi dogo lililotambua tairi linapoanza kusimama ghafla na kulegeza breki. Hakukuwa na waya wala kompyuta. Ilikuwa mashine tupu. Mwaka 1966 Waingereza wakaiingiza Maxaret katika gari la kifahari la Jensen FF, lililokuwa pia na uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne. Yakatengenezwa magari 320 tu, na hadithi ikaishia hapo.

Wajerumani walianza upya kwa njia ya umeme. Mwezi Desemba 1970 Daimler-Benz waliuonyesha umma mfumo wao kwenye uwanja wa majaribio wa Untertürkheim. Gari lilikanyagiwa breki juu ya sakafu yenye maji na likaendelea kutii usukani. Watazamaji walishangaa, na kwa haki. Ila onyesho la uwanjani ni jambo moja na gari litakalokaa miaka kumi mikononi mwa mtu asiyelisafisha ni jambo jingine. Kisanduku cha umeme cha mfumo ule wa mwanzo kilikuwa na vipuri takriban 1,000, na kila kimoja kingeweza kuwa cha kwanza kuharibika. Ikawachukua miaka minane mingine kukipunguza, kwa kutumia saketi za kidijitali, hadi vipuri takriban 140.

Hapa ndipo nionapo moyo wa historia hii. Kulegeza breki halikuwa tatizo kubwa; Maxaret ilikwishalitatua. Tatizo lilikuwa hili: unawezaje kukipa chombo mamlaka ya kupunguza breki za mtu, halafu ukalala usingizi? Chombo kinachoweza kulegeza breki wakati unaofaa kinaweza pia kuzilegeza wakati usiofaa. Mahakama ya Marekani ililiona hilo, na madereva wa malori walikuwa wamekwisha kuliona kabla yake. Jibu la wahandisi lilikuwa kukifanya chombo kijichunguze chenyewe muda wote. Kila unapowasha swichi, kompyuta ya ABS hukagua saketi zake. Gari likianza kusogea, hukagua kama magurudumu yote manne yanaleta taarifa. Ikiona jambo isilolielewa, inajitoa. Breki za kawaida hubaki kama zilivyo, na taa ya njano huwashwa ili mwenye gari ajue kwamba msaidizi wake amejiuzulu.

Nasema amejiuzulu kwa makusudi. Sijui taasisi nyingi, za hapa kwetu au za kwingineko, zilizoundwa kwa namna hiyo: ukishindwa kazi, ondoka mwenyewe, acha mambo ya msingi yaendelee, na utangaze hadharani kwamba umeondoka.

Ili tangazo hilo liaminike, taa yenyewe lazima ithibitishwe. Ndiyo maana ukiwasha swichi bila kuwasha injini, taa ya ABS huwaka kwa sekunde tatu hivi kisha huzimika. Wengi hudhani ni pambo. Zile sekunde tatu ni taa ikisema: mimi ni mzima, na nikinyamaza baada ya hapa, kimya changu kina maana. Wamarekani waliporudi tena kwenye suala la malori na kutoa kanuni mpya mwaka 1995, hawakuishia kudai ABS. Walidai taa ya onyo mbele ya dereva, na kwa matela wakataka taa nyingine iliyo nje, ionekane.

Sasa tuje kwetu. Mercedes ya mwaka 1978 haikuwa gari la kabwela popote duniani, na katika Afrika Mashariki neno wabenzi lilikuwa limekwisha kuzoeleka kama jina la tabaka. Mwananchi wa kawaida aliyebahatika kuwa na gari alikuwa na Peugeot 504, Land Rover, Datsun au Volkswagen ya mgongo wa kobe. Fundi wake chini ya mwembe aliyajua magari hayo kwa masikio na vidole. Alilitenganisha gari zima juu ya turubai na kulirudisha, na palipokosekana kipuri alikichonga. Sipendi wanaomdharau fundi yule. Elimu yake ilikuwa elimu kamili ya chombo kilichokuwa mbele yake.

Milango ya uagizaji ilianza kulegezwa mwaka 1984, na katika miaka iliyofuata magari yaliyotumika Japani yakaanza kuingia kwa wingi. Japani ina ukaguzi mkali wa magari unaorudiwa kila baada ya miaka miwili na unaogharimu fedha, na gari linapozeeka wengi huona heri waliuze. Kwa hiyo teknolojia iliyoanza na matajiri wa Stuttgart ilitufikia kupitia Yokohama na Nagoya, ikiwa imetumika miaka kumi au zaidi. Tukapata RAV4, Harrier, X-Trail, Escudo na Prado. Tukapata na kitabu cha maelekezo kilichoandikwa Kijapani, na sauti ya mwanamke anayetusalimu kila asubuhi kwa Kijapani, ambayo watoto wetu wanaiiga bila kujua anasema nini. Tulinunua chombo, mazungumzo kati ya chombo na mwenye chombo yalibaki katika lugha ya watu wengine.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni muuguzi katika Wilaya ya Mvomero. Mwaka jana alinunua RAV4 ya mwaka 2003 katika yadi moja ambayo sitaitaja, kwa sababu gari hilo lilikuwa limepita mikono kadhaa na sina ushahidi ni mkono upi uliofanya nini. Wiki sita baadaye, alipokuwa akishuka kutoka Mgeta baada ya mvua, alikanyaga breki kwenye kona. Anayeijua barabara ile anajua kilicho upande wa bonde. Alikata usukani, gari halikukata. Likateleza moja kwa moja hadi likagota kwenye tuta la udongo lililoachwa na watengeneza barabara. Ndani alikuwamo yeye, wanawe wawili na mama yake mzazi waliyekuwa wakimpeleka hospitali ya mjini. Hakuna aliyeumia. Usiku alinipigia simu. Hakulia wala kulalamika, aliuliza swali moja: “Shemeji, hili gari lina ABS au halina?”

Niwe mkweli hapa, maana wauza magari huisifia ABS kupita kiasi. Kwenye changarawe na tope, ABS haipunguzi umbali wa kusimama. Inaweza hata kuuongeza, kwa kuwa gurudumu lililofunga hukusanya udongo mbele yake ukawa kama kigingi. Inachokupa ni usukani. Tena haimpi dereva akili. Miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia madereva wa teksi wa mji wa Munich, baadhi wakiwa na ABS na wengine bila. Ajali hazikupungua kwa wenye ABS, kwani waliendesha kwa fujo zaidi wakijua wanalindwa. Lakini kwenye kona ile ya Mgeta, usukani ndio uliokuwa ukihitajika.

Jumamosi iliyofuata tulilikagua. Tulifungua boneti, na kile kitofali cha aluminiamu chenye mabomba membamba ya breki kilikuwepo. ABS ipo. Tukawasha swichi bila kuwasha injini: taa ya oili ikawaka, ya betri ikawaka, ya injini ikawaka, nyekundu ya breki ikawaka. Ya ABS, kimya. Nakuomba, ndugu msomaji, ufanye jaribio hili katika gari lako leo, na hasa katika gari unalotaka kununua. Taa ya ABS inayowaka wakati wote ni habari mbaya lakini ya kweli. Ile isiyowaka hata sekunde moja inaweza kuwa imeungua, na inaweza pia kuwa imezibwa mdomo.

Kijana mmoja wa gereji mjini Morogoro alileta kifaa cha kusomea hitilafu, kile kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu. Alisubiri, akatazama simu, akatangaza: “Gari halina tatizo lolote.” Alikuwa anasema alichokiona, na kilikuwa sahihi kwa kadiri ya kifaa chake. Kwa nini kifaa kisiione ABS? Jibu la swali hili liko mbali sana na breki.

Liko katika moshi wa Los Angeles. Tangu mwaka 1943 mji ule ulianza kufunikwa na ukungu mchafu uliowachoma watu macho. Mwanakemia Arie Haagen-Smit wa taasisi ya Caltech alionyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwamba chanzo kikubwa kilikuwa moshi wa magari. Mapambano yaliyofuata yalizaa bodi ya hewa ya jimbo la California, ambayo Haagen-Smit aliiongoza katika miaka yake ya mwanzo. Bodi hiyo ndiyo iliyoyalazimisha magari, kuanzia toleo la mwaka 1988, yaweze kujipima na kumwonya dereva pale vifaa vya kudhibiti moshi vinapoharibika. Kuanzia toleo la mwaka 1996 Marekani nzima ikataka kila gari dogo liwe na plagi moja ya namna moja yenye matundu 16, na namba za hitilafu zinazofanana, ili fundi yeyote aweze kuzisoma. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001.

Tuangalie kilicholazimishwa. Sheria ilikuwa ya hewa, kwa hiyo ilifungua injini. Breki hazitoi moshi, hivyo hakuna aliyemlazimisha mtengenezaji kuzifungulia mlango huohuo. Akabaki huru kuziweka habari za ABS katika lugha yake mwenyewe, inayosomwa na mashine yake au na mashine ghali iliyojifunza lugha yake. Kwa hiyo kifaa cha bei rahisi kinachouzwa Kariakoo leo kina macho yaliyochorwa na wanaharakati wa hewa safi wa California. Kinaona walichokipigania wao. Kile ambacho hakuna umma uliokipigania, hakikioni. Wanafunzi wangu huniuliza historia ya sheria za nchi za mbali inawasaidia nini. Ningependa siku moja niwapeleke gereji.

Tulihamia kwa fundi mwingine, mtu mzima, maeneo ya Msamvu. Shemeji alinitambulisha kwa cheo changu, kama wafanyavyo mashemeji. Fundi akaniamkia vizuri, kisha akauliza:

“Dokta wa watu au wa vitabu?”

“Wa vitabu, fundi.”

“Basi shika tochi.”

Nilishika tochi. Aliuliza maswali mawili tu kabla ya kugusa chochote. La kwanza: taa nyekundu ya breki iliwahi kuwaka pamoja na ile ya njano? Hili si swali dogo. Njano peke yake maana yake ni kwamba ABS imejitoa na breki za kawaida zipo. Njano na nyekundu zikiwaka pamoja, inawezekana mafuta ya breki yamepungua, au kile kinachogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma nacho kimekufa, na hapo gari halipaswi kuendelea na safari. La pili: chini ya gari, kitu gani kilibadilishwa mara ya mwisho? Shemeji hakujua. Aliuziwa gari, hakuuziwa historia yake.

Fundi akaichomoa dashibodi, akaigeuza. Nyuma ya tundu la taa ya ABS palikuwa na kipande cha soltepu nyeusi, kimekatwa vizuri kwa mkasi, kimebandikwa kwa utulivu. Huyo mtu hakuwa na haraka. Alikuwa na muda wa kutosha wa kulitengeneza lile gari, akautumia kulinyamazisha.

Soltepu ilipobanduliwa na swichi kuwashwa, taa iliwaka sekunde tatu, ikazima. Tukafurahi mapema. Fundi akatuambia tuzunguke nalo. Hatukumaliza mita mia, ikawaka tena na haikuzima. “Hiyo ni habari nzuri,” alisema. Waya uliokatika kwa kawaida hujulikana hata gari likiwa limesimama, kwa kuwa kompyuta huupima bila kusubiri safari. Taa inayosubiri gari likimbie ndipo iwake, mara nyingi inalalamika kwamba kuna gurudumu ambalo halitoi taarifa wakati mengine yanazunguka.

Gurudumu gani? Hapa akafanya jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Alichukua kipande kifupi cha waya, akaunganisha tundu namba 4 na tundu namba 13 katika ileile plagi yenye matundu 16, akawasha swichi. Kumbe watengenezaji wa Toyota za miaka ile waliacha mlango wa nyuma kwa fundi asiye na mashine: ukiunganisha matundu hayo mawili, taa ya ABS huacha kuwaka mfululizo na kuanza kupepesa kwa hesabu. (Asiyeyajua matundu hayo kwa yakini asijaribu, waya ukikosea njia unaweza kuiunguza kompyuta.) Sote tukainama kuitazama. Ilipepesa mara tatu, ikatulia, ikapepesa mara mbili. Ikapumzika. Tatu, mbili. Ikapumzika tena. Tatu, mbili.

“Thelathini na mbili,” fundi akasema. “Mbele kushoto.”

Nimesoma nyaraka nyingi katika maisha yangu, baadhi yake zikiwa zimefichwa na waliozifungia. Sijawahi kuona waraka uliozibwa kwa soltepu ukaanza kujisoma wenyewe kwa sauti mara tu ulipobanduliwa.

Wapo ambao wangeishia hapo na kununua sensa mpya ya mbele kushoto. Namba hiyo haisemi sensa imekufa. Inasema habari za gurudumu hilo hazifiki, na kati ya gurudumu na kompyuta kuna sensa, waya, viunganishi na kitu kimoja zaidi. Fundi alipima ukinzani wa sensa ya kushoto kwa mita, kisha wa kulia, akalinganisha. Zilikaribiana. Akaufuata waya kwa vidole hadi ndani, mzima. Akang'oa gurudumu, akasafisha ncha ya sensa iliyojaa tope, akamulika ndani kwa tochi ambayo sasa alininyang'anya. Akacheka.

Sensa ya aina ile ni sumaku yenye koili. Yenyewe haioni gurudumu. Inaona meno ya chuma yanayopita mbele yake, yakiwa kwenye pete iliyovishwa kwenye kiungo cha nje cha shafti ya mbele, kile ambacho mafundi wetu wanakiita sivi-jointi. Kila jino likipita, umeme kidogo hupanda na kushuka, na kompyuta huhesabu. Upande wa kulia pete ilikuwepo. Upande wa kushoto kiungo kilikuwa kipya kuliko gari, kinang'aa, laini kama yai. Hakikuwa na hata jino moja. Mtu fulani, wakati fulani, alibadilisha kiungo kilichochakaa kwa kile cha gari lisilo na ABS. Kiungo kinaingia vizuri, gari linatembea, kelele imeisha, na mteja analipa. Taa ikawaka kama ilivyoagizwa kuwaka. Ndipo soltepu ikakatwa.

Tangu siku hiyo nimeuliza gereji kadhaa, na hakuna aliyeshangaa. Wapo wanaotoa balbu. Wapo wanaounganisha taa ya ABS na ile ya betri, ili ziwake pamoja swichi inapowashwa na zizimike pamoja injini inapowaka. Hiyo huwadanganya hata wajuzi, na njia ya kuigundua ni kuwa macho kama taa hizo mbili huzimika kwa sekunde ileile kila mara. Ujuzi unaotumika katika udanganyifu huo si mdogo. Fundi anayeweza kuifanya taa iigize uzima ni fundi ambaye, akifundishwa na akilipwa, angeweza kuponya ugonjwa.

Japani, tangu Februari 2017, gari linalofika kwenye ukaguzi huku taa ya onyo ya ABS imewaka halipokelewi. Tangu Oktoba 2024 wamekwenda mbali zaidi: kwa magari mapya, mkaguzi huunganisha kompyuta na kusoma hitilafu zilizomo ndani, hata za breki. Magari hayo yatatufikia sisi baada ya miaka kumi hivi. Barabarani kwetu askari ataniuliza mtungi wa kuzimia moto na viakisi vya pembetatu, atatazama bima na stika, na hana kosa, kwani ndivyo alivyoelekezwa. Sijawahi kusimamishwa nikaambiwa: zima injini, washa swichi, niione taa ya ABS. Ukaguzi huo hauhitaji mashine wala umeme wa gridi. Unahitaji sekunde tatu na mtu anayejua anatazama nini.

Na kuna swali la nani ana haki ya kusoma. Wapiga kura wa jimbo la Massachusetts waliliamua mwaka 2012, walipopitisha sheria inayowataka watengenezaji wawauzie wenye magari na gereji huru habari zilezile za matengenezo wanazowapa mawakala wao. Miaka miwili baadaye watengenezaji wakakubali kulitumia sharti hilo Marekani nzima. Mwaka 2020 wapiga kura walewale wakarudi tena sandukuni, safari hii kuhusu habari ambazo gari hurusha hewani bila waya, na watengenezaji wakaenda mahakamani kupinga. Sisi tunaagiza magari kwa wingi kuliko uwezo wetu wa kuyasoma, na sijasikia mjadala huo katika Bunge letu wala katika kampeni yoyote. Magari yajayo hayatakuwa na mlango wa nyuma wa waya na matundu mawili. Kizazi cha fundi wa Msamvu kitastaafu pamoja na RAV4 zinazopepesa.

Jumatatu nilikwenda Dar es Salaam kwa kazi nyingine, nikapitia Gerezani kutafuta kiungo chenye pete. Muuzaji, kijana mchangamfu, aliweka viwili mezani, vinafanana kwa kila kitu ila meno. Chenye meno kilikuwa ghali zaidi, si sana. Nilimuuliza wateja wake huchukua kipi.

“Isiyo na meno, mzee. Inatoka sana hiyo.”

“Hata kwa magari yenye ABS?”

“Mzee, sisi hatuulizi gari. Mteja anauliza bei.”

Nikalipia chenye meno. Aliponifungia kwenye gazeti la zamani, aliniuliza kama ninahitaji na soltepu.